Kabla hujapiga dawa, mjue kwanza anayekula: maswali yenu ya korosho, nazi na makadamia

Habari zenu wapendwa wasomaji. Tangu mwezi wa sita meseji zimekuwa nyingi kwelikweli na karibu zote zinafanana, mtu anatuma picha ya tawi lililokauka af chini anaandika neno moja tu, "dawa?" Naielewa hiyo haraka kwasababu mkorosho ukishaanza kuchipua na kuweka maua kila siku ni hela, lakini tawi kavu peke yake haliniambii nani kalikausha, na ukikosea hapo unaweza ukapuliza msimu mzima huku mdudu anakula kama kawaida. Kwahiyo leo nimechagua maswali machache ambayo naamini yanawagusa wengi, mengine nimejibu kwa kirefu na mengine kwa kifupi.

Shikamoo bibi shamba. Mi niko Newala, nina mikorosho kama 80 hivi, mingine aliiacha marehemu baba. Mwaka huu nimepuliza salfa raundi tatu, maua yalianza vizuri tu ila sa hivi machipukizi yanajikunja na kukauka kuanzia kwenye ncha kama yamepitiwa na moto, na vikorosho vichanga vinapata madoa meusi vinadondoka. Jirani anasema ni chule, muuza duka la pembejeo kaniambia niongeze salfa. Mdudu nikimtafuta simuoni. Nisaidie maana nina deni la pembejeo.

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na salfa kwanza kwasababu ndo inayokula hela yako. Salfa ni ya ubwiriunga, na ubwiriunga ni ukungu, sio mdudu. Ukitaka kuujua pitisha kidole kwenye ua au kwenye jani changa, ukiona unga mweupe umebaki kwenye kidole kama umeshika sembe basi ndo wenyewe. Wewe unasema maua yalianza vizuri, maana yake salfa yako ilishafanya kazi yake, sasa hiyo ya nne unayoambiwa uongeze haitamfanya chochote huyu anayekula machipukizi.

Kwa maelezo yako nina wasiwasi mkubwa na mbu wa mikorosho. Jina linatuchanganya kidogo, huyu sio mbu wa malaria, ni jamii ya kunguni, anafyonza, ila kaitwa mbu kwasababu ni mwembamba, ana miguu mirefu na pembe za kichwani ndefu kuliko mwili wake. Urefu wa mwili haufiki sentimita moja. Wataalamu wanamwita Helopeltis na huku kwetu wako wa aina zaidi ya moja, rangi zao zinatofautiana kwahiyo usimtambue kwa rangi, mtambue kwa kitu kimoja ambacho ukishakiona hutokisahau: mgongoni, nyuma kidogo ya kichwa, kasimamisha kijiti chembamba chenye kirungu juu, kama pini ya kushikia ushungi imechomekwa pale. Kwenye mikorosho yetu ukiona hiyo pini hapo hakuna ubishi tena.

Humuoni kwasababu unaenda shambani muda wake umepita. Jua likishakuwa kali anajificha ndani kwenye majani, na ni mwepesi, ukisogeza tawi keshazunguka upande wa pili. Nenda saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, au jioni jua likishapoa, chukua kanga kuukuu nyeupe au shuka uitandaze chini ya tawi lenye machipukizi mapya, af ligonge tawi kwa fimbo mara mbili tatu kwa ghafla. Kitakachodondoka kiangalie pale pale kwenye shuka kabla hakijakimbia. Fanya hivo kwenye miti kumi iliyoko sehemu tofauti za shamba, usiishie ile ya pembeni ya njia tu kwasababu ndo iko karibu.

Ukimkosa kabisa, soma kidonda, kidonda hakikimbii. Mbu wa mikorosho akichoma chipukizi anaacha mate yenye sumu, kwanza panakuwa kama pamelowa maji, kijani kibichi kilichofifia, halafu panageuka kuwa doa jeusi refu linalofuata urefu wa kijiti, na ukipapasa kwa ukucha unasikia pamebonyea. Mara nyingi hapohapo kunatoka tone la utomvu. Kwenye jani changa madoa yanakaa na kona kona, yamebanwa na mishipa ya jani. Kwenye korosho changa yanakuwa ya mviringo, meusi, moja moja, kama mtu aliyeugua ndui. Sasa chule haiko hivo, chule ni ugonjwa, inapenda unyevu, doa linaanza dogo linatanuka kidogo kidogo mpaka linaungana na lingine, rangi inaelekea wekundu wa kahawia, halina ile alama ya kuchomwa katikati. Kinachotuchanganya wote ni kwamba mdudu akishachoma, ukungu unaweza kuingilia kwenye kidonda kilekile, kwahiyo ukichelewa kuangalia unaviona vyote viwili kwenye tawi moja. Ndomana nasisitiza angalia chipukizi ambalo limeanza kuumwa jana au juzi, lile lililokauka kama kuni halikusaidii tena.

Na kama una simu yenye kamera nzuri, vuta picha ya chipukizi laini karibu kabisa. Jike anataga mayai ndani ya ngozi ya chipukizi, yai lote limezama, kinachobaki nje ni vinyuzi viwili vyeupe vyembamba sana kama vinywele. Mara ya kwanza kuviona nilikuwa nimeshafanya kazi hii miaka mingi, nilikuwa navipita tu nikijua ni manyoya ya mmea. Na ukiona vinyuzi hivo jua kuna kizazi kingine kinakuja hata kama leo wakubwa umewaua wote.

Sasa dawa. Mti wenye machipukizi mapya ndo anaoufuata, kwahiyo sio lazima miti yote 80 ipigwe, yawezekana anakula 20 tu ile iliyochipua mapema. Weka alama kwa kitambaa kwenye iliyoshambuliwa, chukua tawi moja lenye kidonda kibichi upeleke kwa afisa ugani wa kata, au kama una safari ya Mtwara mjini fika TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, pale korosho ndo kazi yao, muulize kiuatilifu cha wadudu wafyonzao kilichosajiliwa kwa korosho na kipimo chake, usichukue cha mahindi ukadhani kitafaa tu. Piga asubuhi na mapema, vaa glavu na barakoa, na tafadhali usipige mchana maua yakiwa yamefunguka nyuki wamejaa, hao nyuki ndo wanaokutengenezea korosho. Na kama una mipera au miembe katikati ya mikorosho ikague nayo kwa shuka ileile, huyu mdudu anakaa huko pia.

Nakuambia haya yote kwa kirefu kwasababu nilipokuwa mgeni kazini nilimwambia mzee mmoja aongeze salfa kwa tatizo hilihili, sikuinama kuangalia kidonda, nikaangalia tawi kavu kwa mbali nikasema ubwiri. Msimu ule hakuvuna kitu cha maana na alikuwa na watoto wawili sekondari. Sijawahi kulisahau.

Dada habari za kazi. Nipo Mkuranga, nina minazi na mikorosho kwenye shamba moja. Vidaka (nazi changa) vinapukutika vingi sana, naokota ndoo nzima kwa wiki. Halafu mkwezi wangu amegoma kupanda kwasababu ya majimoto, wale sisimizi wakali wanaojenga viota vya majani mtini, anataka nichome viota vyao kwa mafuta ya taa. Nichome?

Usichome kaka yangu, nakuomba, ngoja kwanza tuongee.

Okota hivo vidaka, vimenye ile kofia ya juu. Kidaka kupukutika kidogo ni kawaida ya mnazi, sio kila upunga unaozaa mnazi unaweza kuulea mpaka ufike dafu. Lakini ukikuta chini ya kofia kuna makovu marefu ya kahawia yaliyobonyea yanashuka chini, na gundi imeganda, huyo ni kunguni wa minazi. Ni mkubwa kuliko mbu wa mikorosho, sentimita 1 mpaka 1 na nusu, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Wachache tu kwenye mnazi mmoja wanatosha kumaliza kichala kizima kwasababu kila anapochoma kidaka kichanga kinaanguka, na vile vinavyonusurika vinakua vimepinda na vina nyufa ndefu. Kuna wanaochanganya na utitiri, ule unaanza na alama ya pembetatu iliyopauka chini ya kofia halafu inakuwa ngumu kama gome na kupasuka, nazi inabaki ndogo. Kwa hiyo angalia umbo la kovu: mstari uliobonyea na gundi ni kunguni, pembetatu ni utitiri.

Na huyuhuyu kunguni wa minazi anakula korosho zako, sio mdudu mwingine. Korosho changa aliyoifyonza inasinyaa inakuwa nyeusi inabaki inaning'inia, na ile iliyokomaa kidogo ukiibangua unakuta kiini kina madoa. Kwahiyo wewe mwenye vyote viwili shamba moja unamlisha mwaka mzima.

Sasa adui yake mkubwa ni nani? Ni hao majimoto unaotaka kuwachoma. Hili sio jambo la kubahatisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950 kule Zanzibar mtafiti mmoja Mwingereza, M. J. Way, alionyesha kwamba kunguni huyu ndo anayeangusha vidaka na kwamba minazi yenye majimoto inapona, na mpaka leo kunguni huyo anabeba jina lake kitaalamu, Pseudotheraptus wayi. Majimoto wanazunguka mti mzima mchana kutwa, kunguni hapati pa kutulia akafyonza, na watoto wake wanakamatwa. Hata mbu wa mikorosho anafukuzwa na majimoto hao.

Ukitaka kuona mwenyewe, hesabu vidaka vilivyoanguka chini ya mnazi wenye viota vya majimoto na chini ya ule usio navyo, kwa wiki mbili tu.

Tatizo la mkwezi ni la kweli, wanauma vibaya na sitaki kulidharau. Wengine wanajipaka majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, wengine wanakwea asubuhi sana kukiwa na ubaridi, majimoto wanakuwa wazito. Kwenye mikorosho hata tatizo hilo halipo sana kwasababu korosho tunaokota chini, hatupandi. Kitu cha kuangalia zaidi ni wale sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, wenye askari wa vichwa vikubwa kupita kiasi, hao wanapigana na majimoto na wakishinda mti unabaki bila mlinzi. Shamba linalopaliliwa mpaka likabaki udongo mtupu linawapendelea hao wa chini, kwahiyo safisha chini ya mkorosho unapookotea, lakini katikati ya mistari acha mimea mimea. Na ukitaka kuhamisha kiota cha majimoto kwenda mti mwingine hakikisha vyote vinatoka kundi moja, makundi mawili tofauti yakikutana yanauana.

Salamu aleikum. Natoka Kilifi. Mkanju (mkorosho) wetu wa zamani sana unatoa gundi nyeusi kwenye shina na unga kama wa mbao, tawi moja kubwa limekauka. Babu asema ni mchwa. Tufanyeje?

Waaleikum salaam. Msalimie babu, lakini mchwa anajenga njia za udongo juu ya gome, ukizibomoa unamkuta ndani. Gundi iliyochanganyika na unga wa mbao unaotoka kwenye tundu ni bungua wa shina, yaani funza wa mbawakawa fulani wa kijivu na kahawia, urefu kama sentimita 2, ana mdomo mrefu umechongoka mbele kama mkonga, na ngozi ina manundu manundu kiasi kwamba akitulia kwenye gome unampita. Jike anatoboa gome anataga, funza mweupe asiye na miguu anaishi chini ya gome miezi mingi akila, na huko ndiko anakokata njia ya chakula cha mti mpaka tawi linakufa.

Chukua kisu, fungua gome pale penye gundi ufuate njia yake, utamkuta amejikunja, mtoe umuue. Njia zilizoingia ndani kabisa ingiza waya. Fanya hivo kila mwezi, na ukiwaona wale wakubwa wanatembea kwenye shina okota uue, hawana haraka. Kama shina limeliwa kuzunguka pande zote mti huo hauponi tena, ukateni, mbandue magome, myachome moto. Tafadhali msiukate halafu magogo yakakaa shambani mkisubiri kuni za mwakani, maana waliomo ndani watatoka na kupanda mkanju wa pili. Kawaida unakuta mti mmoja umeliwa vibaya na jirani yake mzima, ndo nafasi yenu hiyo ya kuokoa mingine.

Habari madam. Mimi ni mkulima Murang'a, makadamia. Nje zinakaa poa kabisa lakini broka akipasua anapata nyingi ziko na alama na anakata bei. Hakuna shimo nje. Anadanganya ama ni ukweli?

Anaweza kuwa anasema kweli, na unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kumtegemea. Okota zilizoanguka wiki hii, chagua 20 bila kupendelea, zipasue zote, uweke mafungu. Zenye tundu kwenye ganda la kijani na kinyesi kama unga wa kahawia mlangoni, huyo ni kiwavi wa nondo, ukiendelea kupasua unaweza kumkuta, wengine ni wa pinki pinki. Huyo anaingia zaidi ganda la ndani likiwa halijawa gumu.

Zisizo na tundu lakini kiini kina vishimo vilivyobonyea, vya kahawia au vyeupe vilivyokufa, ni kunguni. Yule wa kijani anayenuka ukimshika, unayemuona hata kwenye maharage na nyanya, ni mmojawapo. Ana mdomo kama sindano, anachoma ganda la kijani anafika mpaka kwenye kiini, na nje hapaonekani kitu, ndo maana unaona broka anakuonea. Ushahidi uko ndani: menya ganda la kijani likiwa bado bichi, geuza upande wa ndani uangalie kwenye mwanga, utaona vidoa vidogo vya kahawia kila mahali alipopitisha sindano. Ukivikuta hivo hamna haja ya kubishana na mtu.

Kunguni hao wanakaa juu kileleni na kwenye miti iliyofungamana ambayo jua haliingii, kwahiyo punguza matawi katikati, hilo litakusaidia kuliko unavyodhani. Tandaza turubai alfajiri wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, tikisa matawi, hesabu. Kama una mboga au maharage chini ya miti kagua nayo. Ukikuta fungu kubwa ni la kiwavi, okota zote zilizoanguka kila wiki uzizike kwa kina au uzichome, usizirundike pembeni ya shamba. Agroveti akikuuliza unataka dawa ya nini, mjibu kwa fungu lililokuwa kubwa.

Masasi: majani ya mikorosho yamekuwa kama yamepakwa rangi ya fedha halafu yanageuka kutu, nini?

Geuza jani uangalie chini yake. Ukikuta vidudu vidogo kama ncha ya kalamu, vya njano na mkanda mwekundu kiunoni, na vitone vyeusi vya kinyesi chao, hao ni vithiripi. Wanazidi wakati wa ukame. Mti mkubwa wenye afya mara nyingi unavumilia, ila miche ya kitalu iangalie kila baada ya siku mbili.

Tunduru: kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo vya maua, vinanata, na sisimizi wamejaa. Ni ubwiriunga?

Hapana. Ubwiriunga hauna miguu na haunati. Bonyeza kimoja kwa kijiti, kikitoa maji maji ni mdudu, anaitwa kidung'ata, na hao sisimizi wanafuata utamu anaoutoa, wanamlinda kabisa. Ule weusi kama masizi unaokuja baadae juu ya majani unaota kwenye utamu huohuo. Kama ni vikonyo vichache kata uchome, kama vimeenea anza na maji ya sabuni ya kufulia ya mche, jaribu kwenye tawi moja kwanza usubiri siku mbili uone kama maua hayaungui.

Lindi: nikitaka kukutumia mdudu mwenyewe badala ya picha?

Mtie kwenye kichupa chenye spiriti ya hospitali, kifunike vizuri. Kiwavi au funza mchovye kwanza kwenye maji ya moto dakika moja ndo umtie, la sivyo anageuka mweusi na sitamtambua. Weka pamoja kipande cha tawi lenye kidonda kibichi kwenye bahasha ya karatasi, usitumie mfuko wa nailoni kwasababu kitaoza njiani. Na andika kwenye karatasi kwa penseli, wino unafutika: kijiji, tarehe, saa uliyomkamata, na alikuwa sehemu gani ya mti.